Kijani cha Mzee Wenceslao

"Lipake pinki tu, Dada. Kopo hilo hapo, liko wazi," Orestes alisema. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa mkononi. "Baba haoni. Atajulia wapi?"

Eneida hakuinua kichwa. Alikuwa akisugua paa la gari kwa kipande cha msasa kilichokwisha makali. Gari lenyewe halikuzidi urefu wa mkono, kutoka kiwiko hadi kiganja: bodi ya mbao ya mwerezi, madigadi ya karatasi zilizolowekwa gundi zikakauka na kuwa ngumu kama mfupa. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ametengeneza magari ya namna hiyo kwa ajili ya wauza zawadi wa ufukweni Varadero, yote ya rangi ya waridi, kwa sababu watalii walipenda waridi. Siku hizi vidole vyake vya mkono wa kulia havikunyooka asubuhi mpaka avitie kwenye maji ya moto. Hili halikuagizwa na muuzaji yeyote, nalo lilikuwa limemchosha kuliko yote.

Nje ya dirisha ndipo lilipoegeshwa gari la kweli, Chevrolet ya mwaka hamsini na mbili. Baba yao, mzee Wenceslao, alibeba abiria kwa gari hilo kati ya Matanzas na Cárdenas kwa miaka thelathini na minane, mpaka ugonjwa wa sukari ulipomla macho. Usukani akaushika Orestes. Miaka sita iliyopita Orestes alilipaka waridi ili apate watalii, na yeye na dada yake wakaafikiana kufunga midomo. Mzee alikuwa amelipaka kijani kwa brashi na mkono wake mwenyewe, na akikisifia kijani kile utadhani anamtaja mjukuu.

Sasa Orestes alikuwa anahamia Montevideo kwa binti yake, na ndege ilikuwa Jumapili. Safari mzee aliijua. Kwamba gari limeshauzwa, hakujua. Kila asubuhi bado alitoka, akaweka kiganja juu ya boneti, akasimama kidogo, kisha akarudi ndani.

"Kesho nitamwambia," Orestes alisema.

"Jumatatu ulisema kesho."

"Nikiwa na kitu cha kumpa mkononi itakuwa rahisi."

"Rahisi kwa nani, Orestes?"

Kaka mtu akamaliza kahawa yake, akaondoka.

Eneida alilitazama kopo la waridi. Angemaliza katika saa moja na kwenda kujilaza. Badala yake alilifunika, akakwangua mabaki ya rangi ya buluu iliyopakwa milango, akaomba njano kwa jirani, akaanza kuchanganya. Kijani cha kwanza kilikuwa kikali mno. Cha pili kilifanana na kuta za zahanati. Akaongeza tone la nyeusi, akajaribu juu ya ubao, akafuta, akarudia. Mara ya tano mkono ukasimama wenyewe. Ndicho. Ndicho alichokuwa akikiona akiwa msichana, amekaa kizingitini, gari likipinda kona na baba kupiga honi mara mbili.

Alipaka tabaka la kwanza, akasubiri, akapiga msasa, akapaka la pili. Bampa alilikata kwenye kopo la soda. Alhamisi yote umeme haukuwepo, feni ikalala, na joto la unyevu likaifanya rangi ikatae kukauka.

Mnunuzi alikuwa ameahidi kufika Ijumaa saa tisa alasiri. Alifika saa tatu asubuhi. Mzee alikuwa jikoni anachovya mkate kwenye maziwa. Orestes alitoka mbio na funguo, vifungo vya shati havijafungwa, na kabla Eneida hajavuka sebule, injini ilikuwa imeshanguruma na gari limeanza kushuka mteremko.

Mkate wa mzee ulisimama hewani.

"Nani anaendesha?"

"Orestes, Baba."

"Orestes mvivu, lakini gia ya pili anaijua. Huyo anaingiza gia kama anapasua kuni." Akaweka mkate chini. "Amekwishaliuza?"

Eneida akavuta kiti. "Ndiyo, Baba. Ni huyo mnunuzi anayeendesha. Orestes yuko pembeni yake, wanakwenda kuandikishana."

"Na wewe ndiye umeachiwa kuniambia."

Eneida alikwenda kwenye meza yake ya kazi, akarudi na gari dogo, akasema, "Halijakauka," lakini mikono ya mzee ilikuwa imeshanyooshwa. Akalipokea kama anayepokea mtoto mchanga. Vidole vikapita juu ya paa, vikashuka kioo cha mbele, vikahesabu meno ya grili, vikaingia dirishani na kukuta usukani.

"Ala! Mpaka usukani!" Akacheka kwa pumzi. Kisha: "Umelipaka rangi gani?"

"Kijani."

Mzee akapitisha kidole gumba juu ya boneti.

"Zoraida, jirani wa mkabala, aliniambia lile kubwa ni pinki," alisema. "Hata halijakauka alishaniambia. Miaka sita sasa."

"Baba! Na hukusema kitu?"

"Mlivyokuwa mnahangaika kunificha! Nikaona nisiwaharibie." Akageuza uso kuelekea sauti ya binti yake. "Kile cha kwangu, au kijani tu?"

"Cha kwako. Chenye weusi kidogo."

"Umechoka, mwanangu."

"Nimechoka, Baba."

Alitikisa kichwa taratibu. Akaliweka gari mezani, akainuka kwenda chumbani kwake, akipapasa njia kama siku zote: ukingo wa meza, mtungi wa maji, fremu ya mlango, ukuta mweupe wa ukumbi. Kila alipogusa, vidole vinne vya kijani vilibaki.

Eneida alikuwa ameshachukua kitambaa cha tapentaini cha kufutia rangi. Alizitazama alama zile moja baada ya moja hadi zilipoishia kwenye pazia la baba yake, lililokuwa bado likitikisika. Akaketi bila kuzifuta, kitambaa kikiwa mapajani, na harufu yake ikazidi kufifia kadiri kilivyokauka.