Sensa ya Chumba cha Dobi

Kitendawili changu cha leo si kigumu: tumbo refu la bati, halili wala halinywi, kazi yake kupumua na kupeleka maneno. Mkishindwa sitadai mji, nawajibu papo hapo. Ni bomba la hewa, lile linalopita juu ya dari katika majengo makubwa. Bi Pasi alifanya kazi chini yake miaka mingi bila kujua kwamba lina masikio, tena na mdomo.

Jina la Bi Pasi alipewa na wenzake katika chumba cha dobi cha hospitali, maana shuka ikipita mikononi mwake ilinyooka kama maji ndani ya beseni. Lakini asubuhi ile alikuwa ameshaunguza foronya. Miwani yake aliisahau kwa binti yake siku ya Jumapili, na tangu aingie kazini hakuwa na wimbo mwingine: miwani yangu, miwani yangu.

"Si umwambie injinia wako akuletee na gari?" alisema Kasuku, mkunja mashuka, mwanamke asiyejua kunyamaza.

"Ana mikutano," Bi Pasi akajibu.

Injinia! Neno hilo alilitoa mwenyewe, siku walipokuwa wakisifia wakwe. Huyu mkwewe mwalimu, yule mkwewe muuguzi, naye ulimi ukamteleza: wangu mimi injinia, ana ofisi, ana kiti kinachozunguka. Kumbe mkwewe alikuwa fundi wa mabomba ya hewa, kiti chake ngazi. Mtu mwema. Paa la mama mkwe lilipovuja, alipanda mvua ikinyesha. Lakini uongo ukishauvaa mbele za watu, kuuvua ni kubaki uchi.

Basi, saa ya chai mlango ukafunguliwa, wakaingia mafundi wawili na ngazi, drili na sanduku. Walieleza kwamba mvuke wa dobi ulikuwa ukirudi wodini na kuotesha ukungu ukutani. Wametumwa kufunga sensa ndani ya mabomba, zipime joto na unyevunyevu wa hewa inayopita, feni ijue lini iende mbio na lini ipumzike.

"Sensa?" Kasuku akadakia. "Tunahesabiwa tena? Mimi andikeni mjane, bado natafuta!"

Chumba kizima kikacheka. Fundi mmoja alitabasamu tu. Alikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi, ovaroli imechanika gotini. Alivua kofia, akainamisha macho kama mtu anavyomwinamia mkwewe, akaja moja kwa moja hadi meza ya pasi, mkono mmoja mfukoni.

"Shikamoo, mama."

Bi Pasi hakuhitaji miwani kumjua huyu.

"Marahaba," akasema, kwa sauti ya kumjibu mpita njia.

Kasuku akachukua kibanio cha nguo, akakishika kama kalamu ya karani. "Haya, sensa hiyo! Mama, huyu ni nani wako? Mtoto, ndugu, au mgeni aliyelala hapa usiku wa kuamkia leo?"

"Simjui," akasema Bi Pasi. "Nimjulie wapi mimi?"

Lilitoka upesi, kama chafya. Mkono wa fundi ukatoka mfukoni mtupu.

"Samahani, mama. Nimekufananisha."

Akarudi kwenye ngazi, akapanda, akapotelea darini na mwenzake.

Bi Pasi akapiga pasi mahali pamoja, pale pale, uso ukimwaka kuliko chuma alichoshika. Juu drili ililia ikitoboa bati. Ilipotulia, sauti zikamwagika kutoka kwenye kidirisha cha bomba kilicho juu ya meza yake, wazi kama mtu anayeongea ndani ya ndoo.

"Mbona hukumpa mama mkwe wako miwani yake?"

"Si yeye."

"Si yeye vipi? Si ndiye yule wa kwenye picha ya harusi?"

"Nimesema si yeye. Mama mkwe wangu hawezi kunikana mbele za watu. Nipe huo mpira tuzibe tundu."

Chini wote waliyasikia. Kila mtu alikuwa ameimbiwa miwani tangu asubuhi. Bi Pasi akasubiri mdomo wa Kasuku. Heri angetaniwa! Lakini Kasuku aliinamisha macho, akakunja shuka iliyokwisha kukunjwa. Kuchekwa na Kasuku alikuzoea. Kusitiriwa na Kasuku kulimchoma.

Angeweza kunyamaza. Mafundi wangemaliza, wakashuka, wakaenda zao. Jumapili angebisha hodi kwa binti yake, na yule kijana angesema "karibu mama" na kumpa kiti kizuri, wala mkewe asingeambiwa kitu. Angembebea aibu ile kama alivyombebea mabati ya paa. Hilo ndilo lililomshinda Bi Pasi. Kijana akishuka akaondoka hivi, basi "simjui" ndilo lililoandikwa.

Akachomoa pasi, akapindua kreti la nguo chafu, akapanda, akaweka mdomo kwenye kidirisha.

"Sensa huko juu!" akaita. "Mmeniandika vibaya. Nihesabuni upya."

Kelele za juu zikakoma.

"Huyo fundi ni mkwe wangu. Mume wa mwanangu. Hana ofisi wala kiti kinachozunguka, hicho nilikichonga mimi kwa ulimi. Nimemjua tangu anavuka mlango. Nimemkana kwa kuonea haya vumbi lake, na vumbi hilo ndilo linalomlisha mwanangu."

Bomba halichagui wa kumpelekea. Baadaye muuguzi wa ghorofa ya juu alishuka kuuliza ni nani aliyekuwa akitubu ndani ya ukuta.

Kidirisha kikajibu.

"Mama."

"Abee, baba."

"Sogeza mdomo kidogo. Pumzi yako imepandisha unyevunyevu, kipimo kinaonyesha kama mvua inanyesha."

Wanawake wakaangua kicheko. Bi Pasi hakucheka. Aliona wema tu katika maneno yale, na wema ndio uliozidi kumuunguza.

Kijana akashuka. Akatoa miwani, akaifuta kwa upande wa ndani wa shati, ule usio na vumbi, akampa kwa mikono miwili, macho chini.

"Mwanao alisema nisisahau."

Bi Pasi akaivaa. Kwanza akaiona foronya, na alama ya kahawia ya ncha ya pasi. Kisha akamwona yeye: katika vumbi la uso wake, michirizi miwili imeoshwa toka machoni hadi kidevuni.

"Baba, umelia?"

"Vumbi la darini, mama," akasema, akainama kuokota drili.

"Fundi," Kasuku akaita polepole, "keti unywe chai. Samahani tu, kiti chetu hakizunguki."

Kijana hakukaa. Alimtazama mama mkwe kwanza, kama mtu asiyejua kama ameruhusiwa. Bi Pasi akakivuta kiti mwenyewe, akakipangusa kwa aproni. Kilikuwa safi. Akaendelea kukipangusa.