Tangazo Lililofika Zinga

Picha ya mgongo wa Wahida ilifika Zinga kabla ya Wahida mwenyewe, na aliyeipeleka huko ni mkwe wangu, mume wa binti yangu, tena kwa kulipia. Mpaka leo nikilisema hilo sauti inanipanda.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana siku hizi watu wananijua kwa lile tangazo tu. Naitwa Hafidha, mtu wa Bagamoyo, na kazi yangu ni kusinga maharusi. Natwanga asumini kavu, mawaridi, karafuu na liwa, nachanganya na marashi, kisha mwali anayeolewa nampaka na kumsugua kwa siku zote anazokaa ndani, mpaka ngozi inang'aa na harufu inamtoka hata akiwa amelala. Bibi harusi akishawekwa ndani haonekani. Wageni hawamwoni, kaka zake wenyewe wanabisha hodi na kuishia mlangoni. Tunaoingia ni mama yake, mimi, na binti yangu Adila anayenisaidia. Singo nzuri wanazo mafundi wengi. Mimi watu wananiita kwa sababu ninayoyaona chumbani siyatoi nje.

Sasa huyo mkwe wangu, Muharami, mume wa Adila, kazi yake ni kutangaza biashara za watu mtandaoni. Kijana mwenye adabu, sitamsingizia. Mwanzoni mwa mwaka alimwambia mkewe kwamba ni hasara fundi kama mimi kujulikana mitaa ya hapa tu, na kwamba atanitengenezea tovuti, mtu wa popote akitafuta singo ya harusi anikute mimi. Alimwambia Adila, hakuniambia mimi. Kwetu mkwe wa kiume hakai karibu na mama wa mkewe, hali naye sahani moja, hamkazii macho, wala habishani naye kwa lolote. Mimi nami jina lake nilikuwa silitamki, nilimwita baba Arafa kwa jina la mjukuu wangu. Tukikutana anainamisha kichwa, shikamoo mama, marahaba mwanangu, tumemaliza. Kwa hiyo tovuti yangu ilijengwa kupitia mdomo wa Adila. Mumewe akiuliza, Adila analeta. Nikijibu, Adila anapeleka, na njiani anapunguza anachokiona kikali. Nilisema sitaki kuona picha ya mtu humo, ziwe za maua na vibakuli. Alichopeleka yeye ni kwamba mama anapenda maua.

Wahida alikuwa ndani, ndoa Ijumaa. Anaolewa na Abdullatif, mwenye duka la saruji na mabati pale Zinga barabarani. Binti huyu alipovunja ungo nilimfunda mimi, mimi ndiye somo wake. Siku moja akataka kujua mgongo umefikia wapi, maana hakuna anayeuona mgongo wake mwenyewe. Adila akaupiga picha kwa simu yake, akamwonyesha, tukacheka, nikamwambia aifute. Akasema ameifuta.

Hakuifuta. Mumewe akaiona, akaona ameokota dhahabu. Shingo, mabega, mgongo mzima, singo imekolea, nywele zimefungwa kitambaa. Akaiweka mbele kabisa kwenye tovuti na kuandika chini yake: "Bibi harusi wetu wa Ijumaa hii, Bagamoyo hadi Zinga. Wako je?" Kisha akalipia tangazo lisukumwe kwenye simu za watu, wenyewe wanaita kubusti. Na unapobusti unachagua lifike kwa nani. Yeye alichagua wanaume. Wanaume wa umri wa kuoa, kuanzia mjini hapa mpaka Zinga, kwa hoja kwamba bwana harusi ndiye anayejaza sanduku la bibi harusi, basi mlipaji ndiye wa kulengwa. Amezaliwa hapa, ameoa hapa, na hajui kwamba sanduku lake mwenyewe lilijazwa na shangazi zake, yeye akaambiwa asilifungue. Mwanamume gani wa Zinga amewahi kununua singo?

Jumanne asubuhi akaja Sihaba, mama yake Wahida, rafiki yangu tangu tukiwa chuoni tunasoma juzuu. Hakukaa. Alinieleza akiwa amesimama mlangoni, buibui hajalilegeza. Tangazo lilimfikia Abdullatif mwenyewe akiwa dukani, likawafikia wapakiaji wake, likawafikia wateja. Ijumaa ile Zinga ilikuwa na harusi moja tu ya kutoka Bagamoyo, hakuna aliyehitaji kuona uso. Walicheka. Mmoja akamwambia, tajiri, mzigo tumeshakukagulia, uko salama. Naye Abdullatif hakusema kitu. Habari zilipomfikia mama yake, Bi Hajra, alituma watu kwa Sihaba: ndoa ipo, watu wameshaalikwa, lakini yule mwanamke wa singo asiikanyage tena nyumba ya bibi harusi. Atafutwe mwingine.

"Nimekutetea nimeshindwa," Sihaba akasema. "Wanasema umeuuza mgongo wa mwanangu."

Akaondoka bila kuniaga. Nilikaa chini hapo hapo kizingitini. Bagamoyo nzima hakuna nyumba itakayoniita tena ikiwa Wahida atatolewa ndani na mkono wa mtu mwingine. Jambo kama hilo halina haja ya kuelezwa, mama mmoja anamnong'oneza mwenzake msibani na yameisha. Lakini kilichonichoma zaidi ni yule mtoto. Niliahidi kumtoa mimi.

Nikamwita Adila. Alilia kabla sijamaliza kuuliza. Nikamtuma kwa mumewe picha itoke saa ile ile. Akarudi na majibu: imetoka, ila watu wameshaihifadhi na kutumiana. Halafu uso hauonekani. Halafu mama asihuzunike, tangu jana oda zinamiminika kutoka Dar, kutoka Tanga, hata Maskati, tovuti haijawahi kutembelewa na watu wengi namna hiyo. Hayo ya oda aliyatamka polepole, nadhani akitumaini yatanipoza. Yaani mgongo wa mtoto wa watu umekuwa chambo, na mimi nipongezwe kwamba samaki ni wengi.

Nikajitanda mtandio, nikaenda kwao. Mama mkwe haendi kwa mkwewe hivi hivi bila taarifa. Nilikwenda. Nilimkuta ukumbini na kompyuta yake. Aliponiona akainuka, akainamisha kichwa, akataka kupitia mlango wa nyuma anipishe.

"Muharami, kaa."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina lake tangu amwoe binti yangu. Alikaa bila kutaka.

"Mkeo nilimsinga mimi," nikamwambia. "Ulipoletewa, nani alikuwa ameuona mgongo wake kabla yako?"

Akamtazama Adila.

"Nakuuliza wewe."

"Hakuna, mama."

"Ningeutuma kwenye simu za rafiki zako wote, siku ile ungetoka nje?"

Alijifuta uso, akaanza kusema hakufikiri tangazo lingemfikia bwana harusi mwenyewe. Nikamkumbusha kwamba alilipia limfikie. Akajitetea kidogo, kuhusu masoko na ushindani, maneno yakamwisha. Mwisho akasema amekosa, na kwamba kesho yake atamchukua baba yake mdogo waende Zinga kuomba radhi. Nikashukuru. Nilidhani aliyetenda akiomba radhi, mimi nitarudi kwenye kazi yangu.

Jumatano alasiri alirudi anatabasamu. Alisimama uani, mbali kama zamani, Adila akanieleza habari za safari. Wamepokewa vizuri mno. Wameletewa kahawa na kashata. Abdullatif amempa mkono, amesema vijana hukosea, yameisha. Kisha wakati wa kuagana akamvuta pembeni na kumuuliza tangazo kama lile hufanywaje hata likawafikia watu wote wale, kwa sababu duka lake nalo linahitaji kujulikana. Basi amempa kazi. Muharami anamtengenezea Abdullatif tovuti ya saruji na mabati.

"Na mimi?" nikauliza.

Adila akalileta na hilo. Kule wamesema hayo ni mambo ya wanawake, watayamaliza wenyewe.

Sasa nieleze mtu. Aliyeiweka picha amekunywa kahawa na kupewa kazi. Aliyechekwa na wapakiaji wake amefurahi, ameshajua pa kutangazia mabati. Mimi niliyekataza picha nimefungiwa mlango, na Wahida, ambaye katika wote hao hakuna hata mmoja aliyemwomba radhi, amebaki chumbani singo haijamalizika, anasubiri fundi asiyemjua. Nilitamani kukipasua kinu kwa mchi wake. Badala yake nilimwambia Adila akailete ile kompyuta, na mumewe aje akae hapa mkekani, mbele yangu, tena aniangalie.

Mimi nikasema, Adila akaandika. Alijaribu kupunguza, nikamrudisha. Akajaribu tena, nikamrudisha tena. Yalitoka hivi: "Mimi ni Hafidha, msingaji wa maharusi, Bagamoyo. Picha iliyofika Zinga niliikataza. Aliyeiweka ni mkwe wangu Muharami, na sura yake ni hii. Wanaume wa Zinga wamemsamehe, wakampa kahawa, wakampa na kazi. Mimi na bibi harusi hatujasamehewa. Wanawake wa Zinga, nawauliza nyinyi: kati yetu nani aliyekosa?"

"Weka picha yako," nikamwambia Muharami. "Uso uonekane."

"Mama, ni mume wangu," Adila akasema.

"Najua. Jina lake liandike vizuri."

Muharami aliitafuta picha yake kwa muda mrefu. Alipoipata aliuliza kwa sauti ndogo, alipie tangazo lifike kwa nani. Hilo ndilo swali alilopaswa kuniuliza tangu mwanzo, uso kwa uso, badala ya kulitia kwenye mdomo wa mkewe likafike nusu.

"Kwa wanawake tu," nikamjibu. "Wanaume wa Zinga wameshaona ya kutosha."

Akalipia. Sikumwonea huruma hata kidogo.

Alhamisi kabla ya adhuhuri Sihaba akanipigia. Tangu asubuhi wanawake walikuwa wanaingia kwa Bi Hajra, eti kumsaidia kuchambua mchele wa harusi, kila mmoja na simu yake mkononi. Bi Hajra alikaza uzi. Kilichomlegeza kilitoka huku Bagamoyo. Fundi mpya alipofika, Wahida aliutia mlango komeo kwa ndani. Alisema asipomalizwa na Bi Hafidha hatoki, leo wala kesho, Zinga wakimtaka waje wamchukue pamoja na mlango. Sijawahi kumsikia mtoto yule akipandisha sauti tangu azaliwe. Bi Hajra akaletewa maneno hayo mbele ya wachambua mchele wote, akasema basi, aitwe.

"Njoo, mwenzangu," Sihaba akasema. "Simu ibaki kwenu."

Nilikwenda peke yangu, Adila nilimwacha. Wahida alinifungulia na kutia komeo tena nyuma yangu. Nilitegemea machozi, nikakuta macho makavu. Alinipa mkono wa shikamoo, akakaa kwenye mkeka, akasubiri nipange vitu vyangu.

"Somo," akasema, "Abdullatif aliiona?"

"Aliiona."

"Akafanya nini?"

Ningeweza kupunguza. Mtoto kesho anaolewa, na mtu mwingine angesema mwanamume aliona haya, akainua simu akaitupa. Hasira yangu ilikuwa bado haijashuka, na hata ingeshuka, kupunguza ndiko kulikotufikisha pale. Nikamwambia wapakiaji walicheka naye akanyamaza. Nikamwambia na habari ya mkono aliotoa, na kahawa, na tovuti ya mabati.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alikunja upande wa kanga yake, akaukunjua, akaukunja tena.

"Nimalize vizuri, somo," akasema. "Kesho akishafunga mlango hanigusi mpaka anieleze alikuwa ananyamazia nini."

Nikamimina marashi kwenye bakuli, nikachanganya, nikaanza na mabega.