Upande wa Dereva

"Taa imewaka rangi gani?" mumewe aliuliza, kwa sauti ya mwalimu anayemtega mwanafunzi mzito wa kuelewa.

Mkunga hakujibu. Alikuwa upande wa abiria na mkoba wake mapajani, miguu imemvimba kwa zamu ndefu ya wodi ya wazazi, na swali lile alikuwa ameshalijibu katika kila njia panda ya mji kwa muda wa miezi. Mumewe alidai kwamba anamfundisha. "Angalau uzijue taa," alizoea kumwambia, "maana usukani wenyewe ni kazi ya watu wenye akili za haraka." Asubuhi ile alichoka kufanywa mtoto wa chekechea. Akageuzia uso dirishani, akanyamaza. Gari likajongea mbele kwa utulivu na heshima zake zote, likaingia katikati ya makutano. Taa ilikuwa nyekundu.

Lori lililokuwa likija kutoka kushoto lilifunga breki mpaka matairi yakatoa moshi. Dereva wake akachomoza kichwa na kuwamwagia matusi ya kuanzia utosini hadi unyayoni. Mumewe akakanyaga mafuta. Alivuka, akasimama kando ya barabara, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena.

"Mbona ulinyamaza?" akasema.

Hapo ndipo Mkunga alipojua. Mtu anayeona angesema sikuiona, au angelilaumu lori, au serikali. Huyu alimlaumu mkewe kwa kunyamaza, kama mtu anavyoilaumu fimbo iliyomvunjikia mkononi.

Hakumwonea huruma. Kilichompanda kifuani kilikuwa kitu kitamu zaidi kuliko huruma, akakiacha kimpande. Mumewe alikuwa mpima ardhi mstaafu, na kazini walimwita Inchi, kwa sababu aliweza kusimama mbali na ukuta na kusema kwa jicho tupu kwamba umepinda, na umepinda kiasi gani. Jina hilo alilileta nyumbani na kulitandika mezani pamoja na sahani. Chumvi ilizidi kidogo. Sketi ilipungua kidogo. Kicheko cha mkewe, mbele ya wageni, kilikuwa kirefu kuliko mahitaji. Maisha yao yote ya ndoa alimpima, na kila mara alimkuta hatoshi. Sasa bwana vipimo haoni taa ya barabarani.

Alimwambia mara moja tu, kwa sauti ya kikazi, "Twende ukapimwe macho. Huenda ni mtoto wa jicho, siku hizi wanamwondoa mara moja."

"Macho yangu yana kasoro gani?" mumewe akasema. "Pima ya kwako kwanza, uliyeunguza wali jana."

Basi. Hakurudia. Kliniki ya macho ilipakana ukuta kwa ukuta na wodi yake, aliipita kila siku akienda kazini, na hakumwambia daktari hata mmoja, wala binti yao aliyekuwa akipiga simu kila Jumapili. Ile siri ilikuwa yake peke yake. Aliiweka shavuni kama pipi, akawa anaimumunya polepole. Kisha akaenda kujiandikisha chuo cha udereva. Hakuwa na nia ya kumwokoa mtu. Alitaka siku moja amfungulie mlango wa upande wa abiria, amwambie: kaa hapo, mshikie mwenzio mkoba.

*

Chuoni alidharau kila alichokiona. Alilidharau darasa lenye picha za alama za barabarani zilizopauka mpaka simama na usisimame vikafanana. Aliwadharau wanafunzi wenzake, vijana wenye umri wa wajukuu zake, walioshika usukani kwa kidole kimoja na simu kwa vilivyobaki. Zaidi ya wote alimdharau mwalimu wake, kijana mwembamba aliyenukia marashi ya dukani na kutafuna ubani bila kupumzika. Wanafunzi walimwita Klachi, kwa kuwa hilo ndilo neno pekee alilolisema kwa hisia.

"Klachi, mama. Klachi. Mama, klachi!"

"Nimekusikia, mwanangu. Mimi si kiziwi."

"Mguu wako ndio kiziwi, mama."

Vijana wa kiti cha nyuma wakacheka. Mkunga akasonya. Mikono yake ilikuwa imegeuza watoto waliolala vibaya matumboni mwa mama zao, ikawatoa salama. Leo inafundishwa kugeuza gari na mtu ambaye, kwa hesabu zake, huenda ilimtoa yeye mwenyewe.

Lakini mguu ulikuwa kiziwi kweli, na siku ya mtihani ukawa na wazimu pia. Mkaguzi, afande mnene wa miwani myeusi, aliingia na karatasi zake, akakaa pembeni, akasema, "Haya, mama, tupandishe kilimani." Goti la kushoto likaanza kucheza. Lilicheza peke yake kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Mkunga alilitazama kwa kinyaa. Aliwajua watu wa namna hii, watetemekao; alikuwa nao kila siku. "Acha kujiliza," aliwaambia wanawake waliomshika mkono kwenye kitanda cha kujifungulia. "Si wewe wa kwanza kuzaa. Vuta pumzi, toa." Akajaribu sauti ile ile juu yake mwenyewe. Akavuta pumzi, akatoa. Haikusaidia chochote, na kwa mara ya kwanza akashangaa kwa nini wale wanawake hawakuwahi kumtukana.

Katikati ya mlima gari lilizima. Akaliwasha, likazima. Akaliwasha tena, likarudi nyuma na kuangusha koni, na afande akaandika kitu bila hata kuinua kichwa.

Jioni ile Inchi aliisimulia habari hiyo kwenye simu kwa binti yao, akicheka mpaka akakohoa. "Mama yako amerudi kinyumenyume mpaka karibu afike alikozaliwa!" Kisha akamkabidhi mkewe simu.

"Mama," binti akasema, kwa upole wa kuudhi, "si uache tu? Baba yupo, anaendesha. Kwa umri huu unajisumbua bure."

Neno lilimfika kwenye ulimi. Baba yako haoni. Mumewe alikuwa kaketi mbele yake, anatabasamu kuelekea kwenye taa ya dari. Akalimeza lile neno. Bado lilikuwa tamu.

"Nitarudia mtihani," akasema.

*

Siku ya kurudia, chuo kilileta magari mawili meupe yaliyofanana kama mapacha, na wakaguzi wawili. Mkunga alifika mapema na Klachi. Alipokuwa akisubiri zamu yake kwenye kivuli cha ukuta, akaliona gari lao wenyewe limeegeshwa nje ya lango, tairi moja juu ya ukingo wa njia ya miguu. Inchi alikuwa keshaingia. Alikaa kwenye benchi la watazamaji, koti limefungwa vifungo vyote, mikono kifuani, kidevu juu, kama hakimu aliyekuja kusoma hukumu ambayo ameshaiandika.

"Yule ni nani?" Klachi akauliza.

"Mume wangu."

"Amekuja kukutia moyo."

"Amekuja kuniona nikianguka."

Goti likaanza. Alipoitwa, alilipeleka goti lile ndani ya gari kama anayemburura mtoto mtukutu. Mikono ilimlowa jasho, usukani ukamteleza. Mkaguzi, safari hii mwanamke kijana mwenye uso usioahidi kitu, alimwambia aondoke, apite mbele ya benchi, azunguke koni na kwenda kuegesha kinyumenyume. Apite mbele ya benchi! Akaachia klachi, gari likaruka kidogo, likashika njia.

Alipokaribia alimtazama mumewe, hakuweza kujizuia. Tabasamu lilikuwepo, lile lile la mezani. Lakini halikuelekezwa kwake. Inchi alikuwa amegeukia kilimani, kwenye lile gari jingine, ambako kijana mmoja mwenye kofia alikuwa akizima na kuwasha, akizima na kuwasha. Kila gari lilipozima, Inchi alitikisa kichwa, akajipiga paja, akamwambia jirani yake neno. Mkunga akapita mbele yake kabisa, karibu kiasi cha kumpa mkono. Vumbi la tairi lake likamfikia viatuni. Mumewe akalipungia vumbi lile kwa kero, bila kugeuka, macho yote kwa yule wa kilimani aliyemdhani mkewe.

Hakuna aliyemtazama. Alilirudia hilo moyoni, likamshangaza kama nyumba iliyohamwa. Dharau ya mtu huyu aliibeba miaka yote hiyo, akajifunza kuinama kwa uzito wake, na kumbe mwenyewe hajui hata imekaa wapi. Goti likatulia. Halikutulia kwa ushujaa. Lilikosa tu mtu wa kumchezea. Akazunguka koni, akatazama vioo, akarudi nyuma polepole hadi gari likakaa katikati ya mistari. Kilimani, zamu yake ilipofika, alivuta breki ya mkono, akasikiliza injini ikishika, akaondoka.

"Umefaulu, mama," mkaguzi akasema. Akamtazama kidogo. "Mbona hufurahi?"

"Nafurahi," Mkunga akajibu. "Inakuja."

Alimfuata mumewe kwenye benchi. Alikuwa ameandaa maneno, ameyanoa kwa miezi. Lakini Inchi alimtangulia.

"Nimekuona," akasema, akiinuka. "Nimekuona kwa macho yangu. Pale mlimani umezima mpaka nikaona haya kukaa hapa. Na ile kofia umeitoa wapi? Nilikwambia, mama, kuna watu wa usukani na watu wa kukaa wakatulia."

Mkunga akamwacha amalize. Alimwacha aeleze jinsi alivyokosea gia, jinsi alivyopindisha kona. Kisha akasema, "Nilikuwa kwenye gari lile jingine. Nilipita mbele yako. Nimefaulu."

Jirani wa benchi akainamisha kichwa, akajifanya anafunga kamba za kiatu. Mkunga akaungoja ule utamu. Hii ndiyo saa yake, ipi nyingine? Ukaja kidogo, ukapotea, ukaacha ladha ya kitu kilichokaa mdomoni siku nyingi.

Wakatoka langoni. Alizunguka mbele ya gari kuelekea upande wa dereva, na hapo akasimama.

Bampa lilikuwa limebonyea. Kutoka kwenye taa hadi juu ya tairi ulipita mchirizi mrefu wa rangi ya kijani, rangi ya kitu kingine, bado mpya. Aliugusa. Unga wa kijani ukabaki kidoleni.

"Umegonga nini?"

"Nani? Mimi sijagonga kitu."

"Njiani ulipokuwa unakuja. Hukusikia kitu?"

"Kulikuwa na tuta," Inchi akasema, kwa hasira. "Wamejenga tuta jipya, bila alama. Karibu linipasulie rejeta. Nchi hii hawajui kupima."

Mkunga alikuwa amepita njia ile asubuhi hiyo hiyo na Klachi. Haikuwa na tuta.

"Lete funguo."

Alidhani atagoma. Inchi alizishika funguo kidogo kwenye kiganja, akazigeuza, akanyoosha mkono hewani, na Mkunga akazichukua.

Akaendesha polepole. Goti lilianza tena, na hapakuwa na mtu wa kumsingizia; ilikuwa hofu tupu, ya watu wote. Alitazama kulia, akatazama kushoto: lango la kijani, zima. Kibanda cha kijani, kizima, mwenye nacho anapanga sabuni. Aliufikiria ukuta wa kliniki ya macho, ulivyo karibu na wodi, jinsi alivyosikia kupitia dirishani wakiwasomesha wagonjwa herufi, kubwa mpaka ndogo. Angeweza kugonga mlango ule siku yoyote. Angeweza kumwambia binti yao Jumapili yoyote.

"Hata konokono anakupita," Inchi akasema. "Ongeza mafuta. Gia ya tatu hujaisikia?"

"Nimeisikia."

"Sasa unangoja nini?"

Baada ya kona ya kiwanda cha matofali aliwaona watu. Walikuwa wamesimama duara kando ya barabara. Katikati yao baiskeli ya kijani ililala ubavu, gurudumu la mbele limejikunja. Mwanamume mmoja alikaa kwenye ukingo wa barabara, suruali imechanika, analishika goti lake kwa mikono miwili na kulitikisa mbele na nyuma kama anayembembeleza mtoto. Yu hai. Mtu mmoja kwenye duara akageuka, akaliona gari, akalinyooshea kidole, na wengine wote wakageuka.

Akawasha indiketa, ingawa nyuma yake hapakuwa na gari. Akapinda, akasimama, akavuta breki ya mkono, akazima injini.

"Umezima tena!" Inchi akasema. "Si nilisema?"

"Nimezima mwenyewe."

"Kuna nini?" Alikuwa amewaelekezea wale watu uso wake moja kwa moja, na tabasamu bado lilikuwa midomoni, limekosa pa kukaa.

"Kuna watu," Mkunga akasema.

Akashuka, akazunguka gari. Watu walikuwa wameanza kuja. Akafungua mlango wa abiria, akainama, akamnyooshea mumewe mkono.

"Watu gani?" Inchi akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, sauti ambayo hakuwahi kuisikia nyumbani mwake.

"Shuka, nitakwambia."

Mkono wa Inchi ukainuka, ukapapasa hewa upande usio na mtu. Mkunga akausogeza wa kwake mpaka pale ule mwingine ulipokuwa ukitafuta.