Barua Iliyopigwa Pini Tatu

Kwa maelezo ya jirani yao, mama mmoja fundi cherehani, mambo yalikuwa hivi: Kidoti alipanda ukuta wa uani, akaita mara mbili, "Mama mdogo, niteremshe!" Mama mdogo mwenyewe yuko kibarazani, simu sikioni, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Mtoto akaja chini kama gunia. Hivyo ndivyo fundi alivyomhadithia kila aliyekuja kuchukua nguo zake asubuhi ile.

Alikosea jambo moja tu. Mtoto aliita mara tatu.

Sasa mama mdogo alikuwa hospitali, Kidoti kamlalia mapajani, mkono umefungwa kwenye kipande cha boksi. Daktari alikwisha kusema: mfupa umepishana, urudishwe leo hii, tena kwa dawa ya usingizi. Bila sahihi ya mzazi, au ya mtu aliyeachiwa idhini, hamgusi. Simu ya dada yake, mama wa Kidoti, aliyesafiri kikazi, haikupatikana.

Lakini barua ilikuwepo. Dada aliiacha ndani ya bahasha iliyopigwa pini tatu. "Likitokea la hospitali, wape hii. Usiifungue." Naye hakuifungua. Aliipeleka dirishani kifua mbele.

Karani akang'oa pini, akasoma kwa sauti:

"Mimi mama mzazi, idhini ya matibabu ya mwanangu nimemwachia jirani yangu, fundi cherehani. Mdogo wangu anampenda sana mtoto, ila akishikwa na hofu hujificha. Naomba asibebeshwe uamuzi."

Karani akainua macho.

"Fundi ndiye wewe?"

"Hapana. Mimi ndiye… huyo mwingine."

"Basi kamlete. Aje na kitambulisho."

Kidoti akainua kichwa. "Kumbe unajifichaga, mama mdogo? Wapi? Chini ya kitanda?"

Watu wawili wakacheka. Mama mdogo naye akajaribu kucheka, uso ukakataa. Akamwacha mtoto kwa muuguzi, akatoka karibu mbio.

Njia nzima alikumbuka wiki iliyopita, alivyosimama mlangoni pa fundi akamwita redio isiyozimwa, mbele ya wateja.

Leo pia wateja walikuwepo, watatu. Cherehani ilikuwa inanguruma.

"Karibu, binti," fundi akasema bila kuinua macho. "Redio ipo hewani. Umekuja kuizima?"

Wateja wakabana vicheko. Mama mdogo akatazama miguu yake. Kwa haraka alikuwa amevaa ndala za rangi mbili. Akatamani sakafu immeze. Kisha akamkumbuka Kidoti na lile boksi lake mkononi.

"Mama, yote uliyosema ni kweli," akasema. "Tena aliita mara tatu. Nilimsikia, nikasema namalizia tu maneno mawili. Dada amekuandika wewe, si mimi. Hawamtibu bila sahihi yako. Nakuomba, twende."

Mguu wa fundi ukasimama juu ya pedeli. Sindano ilikuwa imezama katikati ya kitambaa. Akaiacha hapo hapo, akavuta mkoba wake, akasema, "Twende."