Alama Sita za Vema

Binti wa mgonjwa alifika kwenye kikao cha uchunguzi amefura kwa hasira, na alikuwa na haki. Baba yake aliingia wodini na nyonga iliyovunjika tu, sasa ana kidonda mgongoni ambacho ngumi inazama ndani yake. Mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Hilo halihitaji shahada. Binti alitaka jambo moja: hospitali ikiri uzembe wake na imtibu mzee mpaka apone.

Wakili wa hospitali, bwana wa maneno laini, akatoa karatasi ya wodini. Zamu nzima ya mchana ilikuwa na alama sita za vema, na saini chini. Mzee aligeuzwa kama inavyotakiwa, akasema, kidonda kimeletwa na uzee na kisukari. Utabishana vipi na karatasi? Binti akaanza kukusanya vitu vyake.

Mwenyekiti wa kamati ya uchunguzi akamwita muuguzi wa zamu hiyo aje kuthibitisha saini. Alikuwa mama wa makamo, viatu vimelika upande mmoja. Angeitikia tu "ndiyo" na kurudi kazini, na hakuna ambaye angejua.

"Saini ni yangu," akasema. "Ila alama zote nilizitia jioni, nikijiandaa kutoka. Mzee nilimgeuza mara moja tu. Tulikuwa wawili kwa wagonjwa arobaini, lakini hilo halinisafishi. Niliandika uongo, na mzee akaumia."

Wakili akashika kichwa. Jamani, mtu kumwaga unga wake mwenyewe, mchana kweupe! Binti akamkodolea muuguzi macho. Wiki tatu alikuwa akimlaani mwanamke huyu, na sasa alimwonea fahari, akajiuliza kama yeye angethubutu.

Kamati haikukawia. Hospitali ikaonekana ina hatia, ikaamriwa kumtibu mzee kwa gharama yake. Ikabaki hatima ya muuguzi. Wakili akapendekeza afutwe kazi leo leo, na mwenyekiti akamuuliza binti kama ana la kusema.

Binti akasimama.

"Baba bado hawezi kujigeuza. Naomba ahudumiwe na mama huyu. Wengine wakiniambia wamemgeuza, nitabaki na wasiwasi. Yeye akiniambia, nitalala."