Maji ya Bitiruti

Bibi alikuwa na kidomodomo, na mwenyewe alilijua hilo. Ndiyo maana siku alipohamia kwa mwanawe, mwanawe alimweka kitako akamwambia, "Mama, nakuomba kitu kimoja tu. Usimwingilie mke wangu mambo ya nyumba. Mwenzangu anapenda nyumba inayonukia." Bibi akaapa. Mdomo aliufunga. Mikono haikuapishwa.

Na nyumba ilinukia, tena ikapitiliza! Sakafu ilipigwa deki kwa dawa nyekundu ya waridi, na mapazia yalipuliziwa kopo lenye picha ya maua ambayo hayajawahi kuota popote. Mjukuu, waliyembandika jina la Kifutio kwa sababu alitambaa kwa tumbo akiifuta sakafu nzima, kifua kilimpiga mluzi kutwa. Bibi alipompeleka zahanati, muuguzi alimsikiliza, akatikisa kichwa. "Bibi, mpunguzieni huyu manukato. Dawa za sakafu, za kupulizia, zote. Kifua chake bado kichanga."

Bibi aliumia. Akisema, amevunja kiapo na ameonekana mama mkwe mchokozi. Akinyamaza, mtoto ataendelea kuhangaika na pumzi. Basi mkwewe alipoondoka kwenda kazini, aliimwaga dawa yote, akachemsha bitiruti, akachuja, akajaza chupa ileile pamoja na sabuni ya kipande aliyoiparuza. Rangi ilikubali kabisa. Kopo la mapazia aliliziba tundu kwa pini.

Jioni mkwe alipiga deki, akavuta pumzi. "Dawa hii nzuri, eh, mama?"

"Inakata pua, mwanangu," Bibi akajibu, macho yako darini.

Kifutio alipata nafuu, ila magoti yakawa mekundu. Lakini kila asubuhi, baba yake akishamuaga, mluzi ulirudi. Bibi alichanganyikiwa. Alinusa mito, akanusa mataulo, hata soksi za mwanawe alizinusa, akajuta.

Siku moja mkwe aliwahi kurudi, asijue kwamba Bibi yuko uani anaanua nguo. Bibi alipoingia jikoni, alimkuta ameinamisha chupa kwenye sinki, maji mekundu yanakwenda zake.

"Usimwage!" Bibi akaruka. "Nimeichemsha jana!"

Mkwe akaganda. "Umechemsha nini, mama?"

Hapakuwa na pa kukimbilia. "Bitiruti," Bibi akasema, na maneno ya muuguzi yakafuata yote, bila koma.

Mkwe akajiegemeza kwenye sinki. "Hata mimi kila chupa namwaga nusu, naongeza maji. Harufu yake inaniumiza kichwa tangu siku ya kwanza."

"Sasa unainunulia nini?"

"Si kwa ajili yako! Mwanao aliniambia mama yake anapenda nyumba inayonukia, nisije nikamwaibisha."

Walitazamana, kisha wakaangua kicheko hadi Bibi akalazimika kukaa. Siku zote hizo alimwogopa bure msichana wa watu. Alimpenda ghafla, akamshika mkono.

"Basi huu mluzi wa asubuhi unatoka wapi?" akauliza.

Mkwe aliacha kucheka. "Manukato ya mume wangu... ya mwanao, mama. Anajipulizia shingo nzima, halafu ndipo anambeba mtoto. Nimeshamwambia. Anasema ni ya bei, hayawezi kumdhuru mtu."

Bibi akasimama, akakunja mikono ya gauni. "Injika chai ya rangi. Iwe hafifu."

Asubuhi baba mtu alitoka chumbani na kichupa chake. Akajipulizia shingo, kifua na viganja, akafumba macho kwa raha. "Mnasikia? Hayo sasa ndiyo manukato."

"Tunasikia, baba," Bibi akasema. Mkwe alijikaza kisabuni.

Akamnyanyua Kifutio, akambana shingoni kama kawaida yake. Wanawake wote wawili waliacha kupumua ili wasikie. Hakuna mluzi. Mtoto alivuta pumzi ndefu, safi, akaishusha, akavuta nyingine. Bibi machozi yalimlengalenga. Kisha Kifutio akatoa ulimi, akaanza kuilamba shingo ya baba yake kwa bidii.

"Jamani, leo ananipenda!" baba mtu akashangilia.

Bibi akamwinamia mkwewe. "Ulitia sukari?"

"Kidogo tu, mama," mkwe akanong'ona. "Mkono umezoea."