Mji wa Nota Zisizopigwa

Usingizi unanichukua mchana kweupe, nimejilaza juu ya viti vya ukumbi wa kanisa pale Moshi, nikiwangoja wapigaji wetu waje mazoezini. Mimi ni Ndeshi, katibu wa chama cha muziki mpya wa klasiki. Kazi yetu ni kuwatafuta watunzi walio hai, wanaoandikia fidla na selo, ala za nyuzi, mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia, na kuwapigia watu mambo hayo. Kifuani nimelaza bahasha ya mzee Anaeli, mwalimu mstaafu. Utunzi wake niliukataa jana bila hata kuifungua bahasha. Nafumba macho, viti vinalegea kama tope, nazama.

Ninatokea barabarani. Nikifika kona, kona inanirudisha nilikoanzia, ila nyumba zimehama. Za kulia ni zile zile za kushoto, zimegeuzwa kama kwenye kioo, na katika kila dirisha mtu anavuta upinde juu ya fidla, wala hakuna sauti. Kando yangu anatembea mtu. Nageuka kumtazama, hana uso, pamekuwa laini kama yai. Namuuliza wale madirishani ni nani, anasema ni watu waliozikwa ndani ya bahasha. Namsihi anionyeshe njia ya kutoka, naye ananijibu kwa upole, kama anayembembeleza mtoto: Aliyefunga mlango bila kuchungulia ndani, atatokea wapi? Nakimbia, na barabara nayo inakimbia, madirisha yananisogelea mpaka nasikia pumzi zao shingoni. Naichana bahasha kwa meno, maana vidole vimekufa ganzi. Nota za mzee zimeandikwa kwa penseli, ndogo ndogo, nami sina ala yoyote. Basi naimba. Sauti inatetemeka, napotea, narudia mstari wa kwanza, na wimbo ni mzuri kiasi cha kuniuma. Pinde zinasimama. Wote wananigeukia, na kwenye ule uso mtupu wa mwenzangu linachomoza jicho, kisha pua, kisha kovu dogo juu ya mdomo. Ni uso wangu. Nataka kunyamaza, kinywa hakinitii. Ananiambia, kwa sauti yangu mwenyewe: Endelea, dada, bado kidogo tu.

Nafumbua macho nikiwa nimesimama mbele ya ukumbi. Wapigaji wanakusanya ala zao. Elinami, mpiga selo wetu, anajifuta machozi, ananiambia utunzi wa mzee Anaeli ni lazima upigwe, na kwamba hajawahi kuniona nikiongoza mazoezi namna ile. Namwomba radhi, namwambia nadhani nilipitiwa na usingizi. Anatikisa kichwa.

Wewe hukulala, dada Ndeshi. Ila yule mama aliyelala juu ya viti pale nyuma saa nzima ni nani? Ametoka sasa hivi, amejifunika kitenge, hatukumwona uso.

Mlango wa ukumbi unajifunga taratibu. Sithubutu kwenda kuangalia ni yupi kati yetu aliyetoka.